Uhusiano na Mdhamini

Barua ilisema kwamba Nukta ana mama wawili, kwa hiyo ni mwongo.

Haikusema kwa maneno hayo, maana barua za ofisi za viza hazina ujasiri huo. Ilisema "hatujaridhika." Nukta alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kushonea, simu mkononi, anasoma kwa lugha ya wenyewe kisha anatafsiri mstari kwa mstari ili wazee wake waelewe, na kila alipofika kwenye neno hilo sauti ilikuwa inapungua kidogo.

"Mwombaji ameeleza kuwa mdhamini wa masomo yake ni mzazi wake, mama. Lakini cheti cha kuzaliwa alichoambatisha kina jina la mama mwingine. Hatujaridhika kwamba..."

"Mwingine yupi?" Mama akauliza. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedeli ya cherehani, na nusu ya kola ya sare ya shule ilikuwa chini ya sindano.

Baba, fundi redio, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. Mama mwenyewe alikuwa anajua ni mwingine yupi. Ni dada yake mkubwa, aliyefariki Nukta akiwa na miezi kumi na moja, hata kutembea bado. Baba mzazi alioa kwingine, hakuandika hata mstari. Mama mdogo alimbeba mtoto mgongoni siku ileile ya maziko na hakumshusha tena. Jina la Nukta alilipata hapo, kwa udogo wake, na mtaa mzima ukaanza kumwita huyu mwanamke Mama Nukta. Miaka ishirini na miwili sasa. Hata wateja wake wakubwa, walimu wakuu wanaoagiza sare mia mbili kwa mpigo, ukiwauliza jina lake la kwenye kitambulisho wanakutolea macho.

"Endelea," akasema Baba.

"Kwa kuwa mwombaji ametumia udanganyifu, maombi yake yoyote yatakataliwa kwa muda wa miaka kumi."

"Miaka kumi," akasema Baba. "Mwizi wa kuku hapati hiyo."

Nukta hakucheka. Alikaa juu ya furushi la vitambaa, mahali alipozoea kukaa akifanya kazi za shule, akaiweka simu kifudifudi pajani. Kosa lilikuwa lake na alikwisha kuliona. Kwenye fomu kulikuwa na swali, "Uhusiano na mdhamini," na chini yake vijisanduku: mzazi, ndugu, mwenzi, mwingineo. Alibonyeza mzazi. Hakusita hata kidogo. Angebonyeza nini kingine? Ukurasa wa pili aliambiwa aandike jina la mama kama lilivyo kwenye cheti, akaandika kama lilivyo kwenye cheti. Kila jibu lilikuwa la kweli peke yake. Yalipokutana ndipo yakagombana.

Naomba nieleze huyu binti alikuwa anataka nini, maana wako watu wanaodhani kila anayeomba viza anakimbia njaa. Nukta alikuwa msaidizi katika chumba cha viungo bandia kwenye hospitali ya serikali. Kazi yake ilikuwa kukoroga plasta na kuchukua vipimo vya mashina ya miguu iliyokatwa. Miguu yenyewe ililetwa kwa maboksi, ya msaada, na mwaka ule lilikuja boksi la miguu thelathini, yote ya kulia, yote saizi arobaini na tatu. Kulikuwa na mama muuza mkaa aliyepoteza mguu wa kushoto. Walimwambia arudi mwezi ujao. Alirudi miezi minane mfululizo, kwa magongo, akiwa amevaa nguo yake nzuri kila mara kwa sababu alidhani siku hiyo ndiyo ya kupimwa, mpaka mwezi wa tisa hakuonekana tena. Nukta alimuuliza fundi mkuu kama mguu hauwezi kutengenezwa palepale. "Unaweza," fundi mkuu akamjibu, "akiwepo anayejua." Tangu hapo hakuwa na usingizi wa maana. Alitafuta chuo kinachofundisha kazi hiyo, akakipata ng'ambo, wakampa nafasi. Chuo kiliahidi kumshikia nafasi hadi muhula wa pili, si zaidi.

Mama aliikanyaga pedeli. Akamaliza kola, akakata uzi kwa meno. Kuna jambo moja hakulisema siku hiyo, na nalisema mimi kwa niaba yake: aliposikia neno "kukataliwa," kwa muda mfupi tu, kiasi cha kutia uzi kwenye sindano, moyo wake ulifurahi. Kisha akaona aibu.

*

Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kiasi kwamba kila alipotaka kusema jambo zito mtu huko chini alikuwa anakata bati. Alishirikiana na mawakili wa huko ng'ambo, wa shirika moja linalosaidia wanafunzi. Gharama za barua na ada ya mahakama zingekuwa juu ya familia. Mama alikwisha kuuza mashine yake ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, na hakutaka izungumzwe.

"Rufaa hakuna," wakili alisema. "Kilichopo ni mapitio ya mahakama. Sasa mama, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupotea. Jaji hatatoa viza. Hana viza mfukoni. Jaji ataangalia kama yule afisa alifuata utaratibu alipokataa. Ni kama mtu akija kukagua jiko: haonji mchuzi, anaangalia kama mpishi alinawa mikono."

"Na kama hakunawa?" Baba akauliza.

"Anaamuru sufuria imwagwe, ipikwe upya. Na mpishi mwingine."

"Na huyo wa pili naye anaweza kuunguza?"

"Anaweza, baba. Sikufichi."

Chini bati likakatwa. Walisubiri likatike.

"Hoja yetu ni hii," wakili akaendelea. "Afisa aliona majina mawili akamwita binti mwongo bila kumuuliza. Kumwita mtu mwongo ni jambo kubwa, lina adhabu ya miaka kumi. Alipaswa kuuliza kwanza. Lakini ili jaji atusikilize, lazima tuonyeshe kwamba angeuliza, angepata jibu la maana. Kwa hiyo mama atakula kiapo." Alisukuma karatasi mezani. "Nimeandaa kwa lugha zote mbili. Soma, mama, uone kama kuna pa kurekebisha."

Mama alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alifika mstari wa tatu, kidole kikasimama.

*Kwamba mimi si mama wa mwombaji.*

"Hapa," akasema.

"Eeh, mama?"

"Hapa pamekosewa."

"Hapajakosewa, mama. Ndiyo roho ya kesi."

"Tangu nimekaa kwenye kiti hiki umeniita mama mara ngapi?"

Baba akatazama dari.

"Mara sita," Mama akasema. "Wewe sijakuzaa, sijakunywesha hata uji. Mimi kwako ni mama. Kwa niliyemlea ndiyo nile yamini kwamba si mama?"

"Ni heshima tu, ma..." Wakili alijikwaa mwenyewe. Akavuta pumzi. "Naelewa. Kwetu neno ni pana. Kwao ni jembamba. Kwao mama ni aliyezaa, na ukisema kuna wa pili wanatafuta mahali ulipomficha wa kwanza. Nikiandika 'mama mdogo,' wao hawana neno hilo. Lazima niseme usicho, kisha niseme ulicho."

"Na mimi ni nini, kwao?"

Wakili alilitaja neno lenyewe, la kigeni. Lilikuwa fupi, lenye silabi moja. Mama alilirudia mdomoni mwake mara moja, kama mtu anayeonja dawa, akakunja karatasi na kuitia kwenye pochi bila kusaini.

*

Siku tatu karatasi ilikaa chini ya makopo ya vifungo. Mama alishona, alipika, alijibu salamu. Ukimuuliza, alisema anaisoma.

"Mbona mimi hawakunihesabu kabisa?" Baba akajaribu mzaha siku ya pili, wakila. "Huyu ana mama wawili, ugomvi. Ana baba wawili, hakuna anayejali. Nimemfundisha baiskeli bure."

"Ulimfundisha ukamvunja jino," Mama akasema.

"Jino la utoto. Lingetoka tu."

Nukta alitabasamu kidogo, kisha akaweka kijiko chini. "Mama, tuache. Nitaendelea na plasta. Si lazima niende."

Hapo ndipo Mama alipokasirika, na hasira yake iliwashangaza wote wawili, kwa sababu aliinuka.

"Usinifanyie hisani," akasema. "Nani kakuambia uache? Unataka kesho nikuone umekaa humu unazeeka juu ya furushi la vitambaa, halafu moyoni useme, mama alinizuia kwa neno moja? Hiyo sitaki."

"Basi kwa nini husaini?"

Mama alikaa. Alitazama mikono yake, vidole vilivyojaa alama za sindano, na akasema jambo ambalo alikuwa amelificha.

"Barua ilipokuja nilifurahi," alisema. "Kidogo tu. Nikasema, basi, atabaki. Mungu anisamehe. Halafu wakili ananiambia niandike kwamba mimi si mama yako. Nikaona ndiyo malipo. Nimetamani usiende, sasa naambiwa sina hata haki ya kutamani."

Nukta alihama upande wa pili wa meza akaketi karibu naye, bega kwa bega. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na alikuwa amemzidi kimo, lakini akainamisha kichwa mpaka kikafika begani mwa Mama, mahali pake pa siku zote.

"Mimi nataka kwenda," akasema Nukta taratibu. "Nataka sana mama, mpaka naumwa. Naota ile karakana, naijua ilivyo bila kuiona. Na naogopa nikiwa huko nitakutamani hivyohivyo. Sijui nifanyeje."

"Kulea mimba si kazi," Baba akasema, akikusanya sahani, "kazi kulea mwana." Huwa anasema methali akiishiwa maneno. Safari hii ilifaa.

Mama akatoa karatasi chini ya makopo.

*

Kamishna wa viapo alikuwa mzee mwenye mafua, na kwa sheria ilibidi amsomee kila kifungu kwa sauti. Kwenye benchi nyuma kulikuwa na watu wanaosubiri: mmoja kapoteza kadi ya gari, wengine wawili wanagombea kiwanja. Wote walisikia.

"Kwamba mimi si mama wa mwombaji. Ni kweli?"

Mama aliitazama karatasi mpaka kamishna akainua macho.

"Ni kweli hiyo, mama?"

"Andika," akasema.

"Siandiki, imeshaandikwa. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Mtu wa kadi ya gari aliguna nyuma. Mama alisaini, akabonyeza dole gumba kwenye wino, na njia nzima hakufuta kidole. Alifika nyumbani akachafua kwa wino ule kola nyeupe ya mtoto wa watu, ikabidi akate nyingine.

Miezi mitano ikapita. Kesi ya mapitio haina vishindo: hakuna shahidi anayelia, hakuna anayenyooshewa kidole. Ni makaratasi yanayojibu makaratasi. Nukta aliendelea kukoroga plasta. Kila asubuhi alihesabu wiki zilizobaki kabla chuo hakijafunga mlango, na zilipobaki tano, wakili alipiga simu.

Jaji alikuwa amesema kwamba haki haihitaji akili nyingi, inahitaji swali moja; afisa angeuliza swali hilo angejibiwa. Uamuzi ulitenguliwa, na neno "udanganyifu" likafutwa. Ombi lirudishwe, liamuliwe upya na afisa mwingine, haraka. Baba alipiga kofi moja la furaha akaangusha redio ya mteja.

Hukumu ililetwa na tafsiri yake, iliyofanywa huko huko na mtafsiri mwenye muhuri. Mama aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na akafika pale jaji alipomtaja.

"Nani huyu shangazi?"

"Wapi?" Nukta akasogea.

"Hapa. 'Mahakama imeridhika kwamba mwombaji alilelewa na shangazi yake.' Shangazi! Mimi nimekuwa dada wa baba yako? Yule yule aliyekimbia?"

Nukta alichukua karatasi akaisoma, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka mpaka akashika ukuta. "Neno lao ni moja, mama. Dada wa mama, dada wa baba, mke wa mjomba, wote chungu kimoja. Sasa mtafsiri alipolirudisha kwetu akachagua la kwanza alilokuta."

"Wanapenda sana kuhesabu mama," akasema Mama, "lakini mashangazi wanawajumlisha."

*

Afisa mpya aliomba kuzungumza na mdhamini kwa simu, pamoja na mkalimani. Wakili aliwaonya: jibu kwa kifupi, jibu lile lile la kwenye kiapo, usiongeze chumvi. Walifanya mazoezi siku mbili. Mama alijua la kusema: mimi ni dada mdogo wa marehemu mama yake mzazi. Simu ilikuwa ya saa nne asubuhi. Ilipigwa saa tano na nusu, na kwa muda wote huo cherehani ilikuwa kimya.

Simu iliwekwa juu ya meza, sauti wazi. Afisa alizungumza huko mbali, sauti ya mwanamke asiye na haraka wala ukali. Kisha mkalimani, kijana mwanamume, Kiswahili chake safi lakini chenye vumbi kidogo, kama nguo iliyokaa sandukuni.

Walimuuliza jina, kazi, benki. Akajibu. Akaulizwa kwa nini anamlipia mwombaji masomo. Akasema, kwa sababu ana akili na kuna watu wanamsubiri na magongo.

Kisha mkalimani akasema, "Afisa anauliza, na ujibu ndiyo au hapana tu tafadhali: wewe ni shangazi wa mwombaji?"

Nukta alimtazama Mama akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, akionyesha kwa mdomo, ndiyo, sema ndiyo. Baba alishika ukingo wa meza. Mama aliwaona wote wawili. Alikuwa amekwisha kula kiapo kimoja kilichomkaba koo, akakimeza kwa ajili ya mtoto, na angemeza na hiki. Lakini alikuwa pia mtu aliyeambiwa kwamba kosa lote lilianza kwa jibu lililoonekana kweli na lisiwe kweli, na sasa simu inarekodiwa.

"Hapana," akasema.

Upande wa pili vidole vikaanza kugonga kwenye kibodi, na Nukta akafunika uso kwa mikono miwili.

"Hapana?" mkalimani akarudia.

"Shangazi ni dada wa baba. Mimi na baba yake hatuna undugu. Mimi na mama yake tumetoka tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho."

Mkalimani hakutafsiri mara moja. Alikohoa. "Basi wewe ni mama yake mdogo," akasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya nyumbani.

"Ndiyo, mwanangu. Ndivyo."

"Kosa ni langu," mkalimani akasema. "Nisamehe, mama. Ni langu, si lako." Kisha akaanza kuzungumza na afisa kwa lugha yao, na alizungumza muda mrefu zaidi ya maneno aliyopewa. Nukta aliondoa mikono usoni akasikiliza, na midomo yake ikawa inacheza.

"Anasema nini?" Baba akanong'ona.

"Anamwambia kwamba neno lao moja, kwetu ni maneno matatu," Nukta akajibu kwa mnong'ono. "Anamwambia alikosea kuchagua. Anamwambia ukimwita dada wa mama yako shangazi anaweza asikujibu mwezi mzima." Akanyamaza, akasikiliza tena. "Anasema hata yeye anaye mmoja. Hajamwona miaka tisa."

Vidole viligonga tena kwenye kibodi, safari hii kwa muda. Halafu afisa akauliza swali ambalo halikuwa kwenye mazoezi, na mkalimani akalileta.

"Afisa anauliza, mwombaji mwenyewe anakuitaje?"

Mama alimtazama Nukta. Kiapo kilikuwa kinasema jambo moja, na chumba hiki kinasema jingine, na hakujua lipi ndilo linaloweza kumpoteza mtoto.

"Ananiita mama," akasema. "Hajui kuniita vingine. Ndiyo maana aliandika vile kwenye fomu. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie."

Mkalimani akatafsiri. Lilikuwa fupi. Afisa akasema asante, akakata.

*

Viza ilitoka siku kumi na mbili kabla ya mlango wa chuo kufungwa. Sitaeleza uwanja wa ndege, kila mtu ana wake. Nitasema tu kwamba Mama hakulia pale. Alirudi nyumbani, akakuta furushi la vitambaa lina shimo la mtu aliyekuwa akikalia, na hakuruhusu lipangwe upya.

Wiki ya pili Nukta alipiga simu mchana, akiwa kwenye foleni ya usajili. Mama aliweka mkasi chini. Alisikia watu wengi wakisemasema nyuma kwa lugha ile, na katikati yao sauti ya mtoto wake, karibu sana, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Mama, kuna fomu hapa."

"Fomu tena?"

"Wanataka mtu wa kumpigia nikipatwa na jambo. Jina nimeandika. Chini yake wanauliza uhusiano." Akasita. "Kuna vile vijisanduku. Niweke wapi?"

Dirishani Baba alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye redio, bisibisi mkononi.

"Weka lile neno lao," Mama akasema. "La shangazi. Lile lile la kwenye kiapo, wasije wakakurudisha."

"Sitaki kuliandika."

"Liandike mwanangu. Mimi nimeliapia, wewe unashindwa kuliandika? Halinichubui tena. Hizo ni karatasi zao, waache wawe na jina lao." Alivuta pumzi, na sauti ikamgeuka bila yeye kutaka. "Ila nikuombe moja. Siku ukilia huko, mwenzako akakuuliza unamlilia nani, usinitafsiri."

Foleni ilisogea upande wa pili, mtu akaita namba.

"Ndiyo, mama," akasema Nukta.

Simu ilipokatika, Mama aliishika kidogo mkononi, ikiwa bado ina joto. Kisha akavuta kitambaa karibu. Sare za muhula mpya zilikuwa zinadaiwa Ijumaa, na mikono ya mashati yote ilikuwa bado.